Chungu na Ghala: Historia ya Chakula cha Nyumbani Katika Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Wanaotoa mawaidha juu ya lishe bora aghalabu huwaambia watu mambo matatu: wale vyakula vya aina mbalimbali, wasitupe kinachofaa kuliwa, na wapike nyumbani badala ya kununua kilichokwisha kutengenezwa. Mawaidha hayo ni mema. Hata hivyo, yanapotolewa katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, huwafikia watu ambao wamekuwa wakiyatenda hayo kwa vizazi vingi bila kuhimizwa na mtu. Kwa hiyo swali linalomkabili mwanahistoria si jinsi ya kuwafundisha watu hao kupika. Swali ni kwa nini nchi yenye ujuzi mwingi wa chakula imepatwa na njaa na utapiamlo mara kwa mara.

Makala hii fupi inakusudia kujibu swali hilo. Hoja yetu ni kwamba ujuzi wenyewe haukupotea. Vilivyopungua, kipindi baada ya kipindi, ni viwili: muda wa mpishi na mamlaka yake juu ya ghala. Ushahidi tunaoutumia ni wa aina tatu, yaani maandishi ya wasafiri, kumbukumbu za utawala na za utafiti wa afya, na maneno ya Kiswahili yenyewe. Ushahidi huu wa tatu usidharauliwe, kwani msamiati wa jikoni ni hazina ya historia ambayo haikuandikwa popote pengine.

Kasongo iko mashariki ya mto Lualaba, na Kabambare iko mashariki zaidi, katika njia ya zamani iliyotoka Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo msitu mkubwa wa Kongo unapokutana na nyika. Wenyeji wake, miongoni mwao Wazimba, Wakusu na Wabangubangu, wamepata riziki yao kutoka pande zote mbili: mawese na uyoga wa msituni, nafaka na karanga za nyikani, na samaki wa mitoni. Huko pia ndiko Kiswahili cha Kongo, ambacho kiliitwa Kingwana, kilikotia mizizi mapema.

2. Ghala iliyosimama wima

Mnamo Septemba 1869 David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre, yaani Kabambare. Baadaye vidonda vya miguu vilimzuia hapo kwa miezi mingi, hata akaondoka mwezi wa Februari 1871. Mtu aliyelazwa kijijini huona mengi ambayo mpita njia hayaoni. Katika shajara yake tunakuta maelezo ya namna Wamanyema walivyoweka akiba ya mahindi, na maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa na kila anayechunguza historia ya chakula.

Miti mirefu ilisimamishwa kuzunguka makazi, na kamba za mimea itambaayo zikafungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mahindi yaliangikwa kwenye kamba hizo kwa vikonyo vyake, vilivyopindwa kama ndoana. Kwa kuwa hindi lilining'inia kichwa chini, maganda yake yalitazama chini na kuwa kama paa lililozifunika punje. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka juu ya maganda bila kuingia ndani. Ghala hii ilionekana kama ukuta mnene, na mtu alipohitaji chakula alitwaa kiasi alichokihitaji tu.

Hapa kuna mambo mawili ya kutazamwa. Kwanza, njia hii ilitegemea kuelewa adui mkubwa wa nafaka katika nchi ya mvua nyingi, nao ni unyevu. Nafaka na karanga zikihifadhiwa mbichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu inayodhuru ini. Wakulima wa Kabambare hawakuwa na habari za kemia, lakini walijua kwamba akiba isipopata hewa huharibika. Pili, ghala hiyo ilikuwa wazi. Ilionekana na kila mpita njia. Jambo hili linatuambia kwamba wajenzi wake walikuwa wakiishi katika hali ambayo mtu hakulazimika kuficha chakula. Miaka michache baadaye hali hiyo ilikuwa imekwisha.

Livingstone aliendelea na safari mpaka Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, akalishuhudia soko lililovuta maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wanawake. Walileta samaki, muhogo, mafuta, chumvi, vyungu na kuku, wakabadilishana. Aliyekaa karibu na mto alipata nafaka, na aliyekaa mbali nao alipata samaki. Kwa maneno mengine, mlo wa aina mbalimbali ulikuwa kazi ya soko kama ulivyokuwa kazi ya shamba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walifyatua risasi katika soko hilo. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Tukio hilo huelezwa katika historia ya biashara ya watumwa, na ni sawa. Lakini pia ni sehemu ya historia ya chakula, maana soko likitishwa, chungu cha kila nyumba hupungukiwa na kitu.

3. Kibaba, posho na mpunga

Misafara iliyotoka pwani haikuleta bunduki na nguo tu. Ilileta pia vipimo na mazao. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni takriban theluthi mbili ya kilo, ndicho kilichohesabiwa kuwa posho ya mpagazi kwa siku. Mara nyingi posho hiyo ilitolewa kwa shanga au kitambaa, mpagazi mwenyewe akatafuta chakula vijijini.

Neno hili posho limesafiri mbali. Katika Uganda limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe. Katika Kilingala, poso limekuja kumaanisha juma, kwa kuwa chakula cha wafanyakazi kiligawanywa mara moja kwa juma. Msomaji ataona jinsi neno lililohusu chakula apewacho mtu na bwana wake lilivyoweza kuwa jina la chakula chenyewe, hata likawa kipimo cha wakati. Lugha imetunza kumbukumbu ya mabadiliko makubwa: mlo uliotoka katika ghala ya nyumbani ukawa mlo utokao katika mkono wa tajiri.

Zao kuu lililoletwa na Waswahili na Waarabu lilikuwa mpunga. Kiswahili kina neno kwa kila hatua ya zao hili. Shambani ni mpunga, baada ya kutwangwa ni mchele, na baada ya kupikwa ni wali. Punje zilizovunjika huitwa chenga, nazo hufaa kwa uji. Maganda na vumbi lake ni pumba, na pumba hulisha kuku. Wali ulioshika chini ya chungu ni ukoko, na kuna watoto wanaougombania. Uliolala mpaka asubuhi ni kiporo, au mwiku. Orodha hii inaonyesha kwamba kila kilichobaki kilikuwa na jina, na kwa kuwa kilikuwa na jina, kilikuwa na kazi. Kwa Waislamu wa Kasongo, ambao jumuiya yao ni miongoni mwa zile za zamani zaidi katika Kongo, jambo hili lilitiwa nguvu na mafundisho ya dini yanayokataza israfu.

Aidha, kinu na mchi vilikuwa na faida ambayo haikujulikana kwa jina. Mchele uliotwangwa kwa mkono hubaki na sehemu ya ngozi yake ya ndani, ambamo mna vitamini B1. Mchele unaosafishwa sana kwa mashine hadi kuwa mweupe kabisa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Hata hivyo tusiipambe picha hii kupita kiasi. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yalipouteka mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Sidney Hinde aliandika juu ya maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi, na juu ya bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Wanaakiolojia waliochimba Kasongo-Tongoni katika miaka ya 2010 walikuta mahali palipobeba jina la kufaa, kwani tongo ni mahame. Lakini ni nani aliyeyalima mashamba yale? Kwa sehemu kubwa ni watumwa. Neema aliyoistaajabia Hinde ilikuwa neema ya mji uliokusanya jasho la vijiji. Ukuta wa mahindi wa Kabambare ulikuwa ghala ya waliolima. Maghala ya Kasongo yalikuwa ya waliolimiwa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

4. Kilimo cha lazima

Utawala wa Kibelgiji uliondoa watumwa na kuleta sheria. Pamba ilijaribiwa Nyangwe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1917 sheria iliidhinisha mazao ya lazima. Katika sehemu hii ya nchi mazao hayo yalikuwa hasa pamba na mpunga. Mkulima alitakiwa kuyafanyia kazi mpaka siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili, kiwango hicho kilipandishwa hadi siku 120. Mchele ulihitajiwa kulisha wafanyakazi, wakiwamo wale wa migodi kama ile ya bati ya Kalima, kaskazini zaidi katika Maniema.

Ni kweli kwamba sheria ilitaja wanaume. Lakini palizi, uvunaji na upuraji ni kazi ambazo familia nzima iliingizwa ndani yake, na wanawake hawakupunguziwa kazi yoyote ya jikoni kwa sababu hiyo. Pamba hailiwi. Tena huhitaji kupaliliwa wakati uleule ambao mahindi na karanga huhitaji mikono. Basi wakulima wa sehemu nyingi za Kongo zilizolima pamba walifanya lililowezekana: walizidisha muhogo. Muhogo haudai ratiba. Hukaa ardhini mwaka mmoja au zaidi ukimsubiri mwenyewe, wala hauhitaji ghala. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila ulikuwa na gharama yake, kwa maana mzizi wa muhogo una wanga tele na protini kidogo sana.

Hivyo hatua kwa hatua chungu kilielemea upande mmoja. Wataalamu wa baadaye waliokuta bugali wa muhogo ukitawala mlo waliweza kudhani kwamba ni mila ya kale isiyobadilika. Historia inaonyesha kwamba, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa ni jibu la watu waliokuwa wamenyang'anywa muda.

5. Elimu iliyomo chunguni

Pamoja na hayo, mpishi wa Maniema hakuuacha muhogo kama ulivyo. Jani lake, linaloitwa kisamvu pwani na sombe katika Kongo, lina protini nyingi kuliko mzizi, pamoja na vitamini A na C. Mzizi na jani vikikutana katika mlo mmoja, kimoja hufidia upungufu wa kingine. Mawese mekundu huongeza kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, mradi mafuta yasichomwe mpaka yakapoteza rangi yake. Karanga zilizosagwa hutia protini na mafuta. Matembele na lengalenga hukua karibu na nyumba na huchumwa siku ileile ya kupikwa. Mlo wa bugali, sombe, mawese na karanga ni mlo wa watu wasio na fedha, lakini si mlo wa watu wasio na maarifa.

Maarifa hayo yamo katika hatua zake. Muhogo mchungu una sumu ya asidi ya sianidi. Ili kuiondoa, mizizi hulowekwa majini kwa muda wa siku tatu hivi, kisha huanikwa juani na kutwangwa. Sombe hutwangwa sana, ikachemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Mgeni akitazama anaweza kufikiri kwamba hii ni kazi iliyorefushwa bila sababu, nayo kwa hakika ndiyo ulinzi wa familia.

Ushahidi wa jambo hili unatoka magharibi mwa Kongo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo, ambao hupooza miguu ghafla bila kupona. Utafiti uliofanywa katika Bandundu na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha jinsi hatari ilivyoingia vijijini. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, muhogo ukawa bidhaa. Wanunuzi walikuwa na haraka, na wanawake waliokuwa wakiuloweka kwa siku tatu wakaanza kuutoa baada ya siku moja. Ujuzi walikuwa nao. Soko ndilo lililoununua muda wao. Kasongo na Kabambare hazina budi kuizingatia habari hii, kwa sababu huko nako kila barabara inayofunguliwa huleta mnunuzi mwenye haraka.

6. Mizani na uhai

Kuanzia mwaka 1971 Kasongo ilipata umaarufu mwingine miongoni mwa wataalamu wa afya ya jamii. Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulijenga mfumo wa vituo vya afya vilivyowahudumia watu karibu na makazi yao, na ukawafuatilia watoto wadogo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1981 watafiti wake walichapisha matokeo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto. Mwaka 1983 walichapisha matokeo mengine ambayo yalizusha mjadala: vipimo vya mwili wa mtoto vilivyochukuliwa mara moja vilikuwa na uwezo mdogo wa kubashiri ni mtoto gani angekufa baadaye.

Matokeo hayo hayasemi kwamba chakula si kitu. Yanatuonya tu tusiusome umaskini wa chungu kwa kutazama mizani peke yake, wala tusimlaumu mama kwa kila mtoto mwembamba. Mtoto hukonda kwa kukosa chakula, lakini pia kwa malaria, kwa kuhara na kwa surua. Na mama aliyeshinda kituoni na mtoto mgonjwa hana siku tatu za kuangalia muhogo wake.

7. Ghala iliyofichwa

Uasi wa mwaka 1964, kuharibika kwa barabara na biashara katika utawala wa Mobutu, vita vya 1996 hadi 1997, na vile vya 1998 hadi 2003 vilirudisha swali la ghala kwa ukali mpya. Katika miaka ya 2010 pia makundi yenye silaha yaliwasumbua watu wa Kabambare, hasa pande za Salamabila ambako dhahabu ya Namoya huwavuta vijana kutoka mashambani. Penye askari wasiolishwa, akiba inayoonekana ni mwaliko. Mkulima asiye na hakika ya kuvuna huchagua zao lililofichwa ardhini, na hulivuna kabla halijakomaa ikiwa anasikia milio ya bunduki. Anayekimbia huacha mbegu, na asiye na mbegu hukosa msimu ujao pia.

Tukilinganisha hali hiyo na ukuta wa mahindi wa 1870, tunaona umbali uliopitwa. Watu walewale, katika ardhi ileile, walitoka katika kuweka akiba mbele ya macho ya wote wakaingia katika kuizika. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, ila hawakutaja kwamba huweza kuporwa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kula vizuri, kutotupa na kupika nyumbani si mambo mageni katika Maniema ya kusini. Yamo katika majina ya mpunga, katika mpindo wa kikonyo cha hindi, na katika siku tatu za kuloweka muhogo. Yaliyowarudisha watu nyuma ni msafara, mjumbe wa pamba, mnunuzi mwenye haraka na mtu mwenye bunduki, na kila mmoja wao alichukua ama chakula chenyewe ama muda wa kukitayarisha.

Vilevile tumeona kwamba zamani haikuwa pepo. Ghala ya Kasongo ilijazwa na watumwa, na elimu ya jikoni ilibebwa na wanawake ambao hawakulipwa wala kushukuriwa. Anayependekeza leo kurudi kwenye kinu na mchi sharti aseme ni nani atakayetwanga, na ni kazi gani nyingine atakayopunguziwa. Mashine ya kukobolea mpunga isiyousafisha kupita kiasi, kisima cha maji kilicho karibu, na njia salama ya kwenda sokoni vinaweza kuufaa mlo wa Kabambare kuliko hotuba nyingi.

Kwa upande wetu sisi wa taaluma ya Kiswahili, kuna kazi inayosubiri. Maneno ya jikoni ya Kasongo na Kabambare, yaani majina ya mihogo, ya majani, ya vyombo na ya hatua za kupika, hayajakusanywa kama yanavyostahili. Wanaoyajua vizuri ni kina bibi. Inafaa mwanafunzi atakayekwenda kuyaandika akumbuke kwamba hakusanyi vifaa vya kamusi tu. Anaandika kumbukumbu za taasisi iliyowalisha watu wakati serikali tatu na majeshi mengi yalipokuwa yakila kutoka kwao.